Kijana wa .412 kashushwa, mzee kachukuliwa bure: kupanga kikosi cha maandalizi kwenye gemu ya besiboli

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, Chang'ombe. Nina PS4 na MLB The Show 24. Gemu za mpira wa miguu nimezizoea miaka, ila besiboli nimeanza mwaka huu. Nacheza ule upande wa kuongoza klabu msimu hadi msimu, nimechukua Pittsburgh. Maandalizi yalipoisha nikataka kuingia siku ya kwanza ya ligi, gemu ikakataa, ikasema kikosi hakijakaa sawa. Nikaiachia kompyuta inipangie. Ikamshusha kijana wangu aliyepiga 21 kati ya 51, yaani .412, ikabakiza mzee wa miaka 33 aliyepiga 8 kati ya 42. Nikaona inanifanyia dharau. Nikarudi kwenye sevu, nikafanya mwenyewe: nikamshusha mzee, nikampandisha kijana. Baada ya siku chache za kalenda mzee hayupo, kachukuliwa na timu nyingine bila kunilipa hata senti. Nimekosea wapi? Kijana akishushwa si anaharibika? Na wenzangu wa banda la gemu wanaosema maandalizi ni kupoteza muda, niruke tu, wako sahihi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mambo matatu yamekuchanganya kwa mkupuo mmoja. Gemu kukataa ni suala la hesabu, mzee kuondoka ni suala la kanuni, na hiyo .412 ni suala la takwimu zinazodanganya. Kosa lenyewe ni moja: umepanga kikosi kwa jicho la mpira wa miguu, ukaanza kwa kujiuliza nani ni bora. Kwenye besiboli ya Marekani swali hilo linakuja la pili. La kwanza ni hili: huyu nikimtoa leo, nitaweza kumrudisha kesho?

Kwetu klabu ikishasajili na dirisha likafungwa, kikosi ndicho hicho hicho, labda mmoja atolewe kwa mkopo. Dodoma Jiji ikicheza pale Jamhuri, wa benchi na wa jukwaani wote ni wa kikosi kimoja. Klabu ya besiboli imejengwa kwa ngazi. Juu kuna timu ya ligi kuu, chini yake AAA, kisha AA, kisha ngazi mbili za A. Pittsburgh timu yao ya AAA iko Indianapolis na ya AA iko Altoona, na wachezaji hupanda na kushuka msimu mzima, wengine kila wiki. Ngazi hizo zinasimamiwa na orodha mbili ambazo wageni wengi wa gemu hii huziona kama moja.

Orodha ya kwanza ni ya watu 26. Hao ndio wanaovaa jezi leo. Ya pili ni ya watu 40, na hiyo ni ya mali iliyolindwa: aliyemo ndani yake, timu nyingine haiwezi kumgusa. Wale 26 wote wamo ndani ya 40. Waliobaki, 14 hivi, wako AAA au AA wakisubiri simu, au ni majeruhi. Kambini utakuta pia kundi la tatu, walioalikwa tu. Wanafanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki, lakini hawamo kwenye 40. Ukitaka kumbakiza mmoja wao siku ya kwanza ya ligi, lazima nafasi ipatikane kwenye 40, na mara nyingi maana yake ni mtu kutolewa.

Kwa hiyo gemu ikikataa kusonga mbele, usigombane nayo. Hesabu kwanza timu ya juu: wawe 26. Hesabu warushaji: kanuni ya ligi tangu 2022 ni wasizidi 13, isipokuwa kuanzia tarehe 1 Septemba ambapo kikosi kinapanuka kuwa 28 na warushaji 14. Halafu hesabu ile 40. Mwisho pitia majeruhi, kwa sababu aliyeumia wiki ya mwisho ya maandalizi bado anakalia kiti chake mpaka umhamishie kwenye orodha ya majeruhi. Ukikuta moja ya namba hizo haijakaa sawa, umeshampata mchawi wako.

Sasa tuje kwa mzee, maana ndiye anayekuuma.

Ukifungua ukurasa wa mchezaji utaona habari za opsheni. Opsheni ni ruhusa ya klabu kumshusha mchezaji aliyemo kwenye 40 bila kumpoteza. Kila mchezaji anapata miaka mitatu ya opsheni. Hapa watu wengi wanateleza: ni miaka mitatu, si mara tatu. Ndani ya mwaka mmoja unaweza kumshusha na kumpandisha mara kadhaa (tangu 2022 ligi iliweka kikomo cha kumshusha mara tano kwa msimu), na kwa yote hayo umetumia mwaka mmoja tu wa opsheni. Akikaa chini jumla ya siku zisizofika 20 msimu mzima, hata huo mwaka hauhesabiwi. Usiifananishe na mkopo wa mpira wa miguu. Hajaenda kwa mtu, yuko nyumbani kwako, ila chumba cha nyuma.

Miaka mitatu ikiisha, mlango huo umefungwa. Ukimshusha, lazima apite kwanza kwenye waiva, yaani jina lake linawekwa mezani mbele ya timu nyingine 29. Yeyote anayemtaka anamchukua pamoja na mkataba wake. Ndiyo maana hukulipwa. Wewe umeokoa mshahara, wao wamepata mchezaji. Herufi DFA ulizoziona kwenye skrini ni hatua inayoanzisha safari hiyo: anatoka kwenye 40 papo hapo, na katika ligi halisi klabu ina siku saba za kumuuza, kumwachia au kumpitisha kwenye waiva. Mchezaji wa miaka 33 kwa kawaida alishamaliza opsheni zake zamani, tena akiwa na miaka mitano ya utumishi ligi kuu hashushwi bila ridhaa yake hata kama opsheni imebaki. Pale gemu ilipokuletea onyo nawe ukabonyeza kitufe kukubali, ulikuwa unasaini kumgawa.

Kompyuta haikukudharau, basi. Ilimshusha kijana kwa sababu kijana ana opsheni na angerudi, na mzee ilimbakiza kwa sababu asingerudi. Kwenye hilo moja ilikushinda hesabu. Simaanishi ufanye kila inachosema, nitalifikia.

Tuziangalie hizo namba zako. 21 kati ya 51 inapendeza machoni. Chukua mpigaji wa kawaida kabisa ambaye uwezo wake wa kweli ni .260. Mpe mapigo 50, yaani zamu 50 za kupiga. Kwa bahati peke yake, karibu mara moja kati ya tano atamaliza na .320 au zaidi, na karibu mara moja kati ya 50 atafika .400. Inaonekana nadra mpaka ukumbuke kwamba kambi moja ina wapigaji kama 30. Wote wakipata mapigo hayo 50, karibu nusu ya kambi za ligi zitakuwa na angalau mtu mmoja wa .400 ambaye hana tofauti yoyote na wenzake. Geuza upande wa pili: mpigaji wa kweli wa .250 akipewa mapigo 42, karibu mara moja kati ya nne ataambulia 8 au pungufu. Huyo ndiye mzee wako. Sisemi hakuwa amechoka. Nasema mapigo 42 hayakuambii.

Kuna jingine ambalo hukuliandika, na ndilo ningekuuliza kwanza: mechi hizo, pedi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama ulicheza mwenyewe, .412 ni ya vidole vyako. Ukiwa kwenye kiwango cha chini cha ugumu, hata mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) wa akiba atapiga .400. Na pengine kijana ulimpenda tangu mwanzo, ukawa unatulia akiingia yeye na kuharakisha akiingia mzee. Takwimu za mechi ulizocheza zinapima wewe, kiwango ulichoweka na mchezaji, vyote kwenye chungu kimoja. Mechi ambazo kompyuta inazicheza yenyewe zinaendeshwa na namba za uwezo zilizo kwenye ukurasa wa mchezaji. Hizo ndizo za kusoma: uwezo wa kugusa mpira dhidi ya mrushaji wa mkono wa kulia na dhidi ya wa kushoto, nguvu kwa mgawanyo huo huo, jicho na nidhamu. Kijana akiwa na 70 dhidi ya wa kulia na 38 dhidi ya wa kushoto, huyo bado ni nusu mpigaji, maandalizi yaseme yanavyotaka. Mimi kwa kijana anayetakiwa kuanza kila siku natafuta angalau 55 pande zote mbili, na sikubali chini ya hapo ila kama analinda shotistopu (nafasi iliyo kati ya besi ya pili na ya tatu) au katikati ya uwanja wa nyuma kwa kiwango cha juu sana.

Anaharibika akishushwa? Hapana. Anachelewa akikaa benchi. AAA wanacheza mechi 150 kwa msimu, na akiwa kule anaanza karibu zote. Ukimpandisha akawa mtu wa nne wa akiba, ataingia mara mbili kwa wiki, na nusu ya hizo ni kumkimbilia mwenzake kwenye besi. Katika matoleo ya karibuni ya gemu hii, ile daraja ya uwezo wa baadaye si jiwe. Hupanda na kushuka kwa kadiri kijana anavyofanya kazi. Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi: kama kuna nafasi ya kuanza mechi tano kwa wiki, apande, kama hakuna, ashuke acheze. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza ligi kuu ya Marekani, alisaini na hiyo hiyo Pittsburgh yako mwaka 2008 na akaitwa juu tarehe 26 Aprili 2017. Miaka yote ya katikati alikuwa kwenye ngazi.

Na wakati mwingine kushushwa hakuhusiani na ubora hata chembe. Mwaka 2015 Kris Bryant wa Chicago Cubs alipiga .425 kwenye maandalizi na kutoa mipira tisa nje ya uzio, bado wakampeleka AAA. Wakampandisha tarehe 17 Aprili. Msimu ulipoisha alikuwa na siku 171 za utumishi, na mwaka kamili wa utumishi unahesabiwa kwa siku 172. Siku moja pungufu! Mchezaji anapata uhuru wa kuondoka akitimiza miaka sita ya utumishi, kwa hiyo siku hiyo moja iliwaongezea Cubs msimu mzima wa kummiliki. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Makubaliano ya 2022 yakaweka breki: chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji chipukizi bora wa mwaka, anahesabiwa mwaka kamili hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Paul Skenes wa Pittsburgh aliitwa Mei 2024, akashinda tuzo hiyo, akapata mwaka wake.

Je, wewe ufanye kama Cubs? Inategemea utacheza misimu mingapi, na hapo jisemee ukweli. Wengi huanza na ndoto ya misimu kumi wakaishia wa pili. Kama utacheza mmoja au miwili, sahau siku za utumishi, panga kikosi cha kushinda. Kama kweli unaenda mbali, na klabu ni Pittsburgh isiyo na pesa za kushindana na New York, basi msimu una siku 187 hivi. Kijana akianzia AAA wiki mbili na nusu za kwanza, unabaki naye mwaka mmoja zaidi mbele ya safari. Wiki mbili na nusu za Aprili ni mechi 15 kati ya 162. Mimi ningezilipa, ila kwa kijana wa daraja la juu peke yake. Kwa kijana wa kawaida ni ujanja usio na faida, maana huo mwaka wa ziada huenda hata usimtake.

Sasa namna ya kupanga. Chukua daftari, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika safu nne. Ya kwanza, wale ambao hata mtoto anajua watabaki: warushaji wako watatu bora wa kuanza, mfungaji wa mechi (mrushaji wa kumalizia mwishoni), wapigaji sita au saba wa kudumu. Safu ya pili, wote wasio na opsheni ambao hawamo kwenye ya kwanza. Safu ya tatu, wenye opsheni. Ya nne, walioalikwa, wasiokuwa kwenye 40.

Shughuli iko kwenye safu ya pili. Hesabu viti vilivyobaki baada ya safu ya kwanza, kisha wapitishe wasio na opsheni mmoja mmoja: huyu akiondoka bure kesho, nitajuta? Kama hutajuta, mtoe mapema. Kama utajuta, ana kiti. Wenye opsheni wanajaza viti vinavyobaki, na watakaokosa wanashuka bila hasara. Mwenye opsheni na asiye nayo wakiwa wanalingana, au wanapishana pointi mbili tatu za jumla, abaki asiye na opsheni. Wakipishana tano au zaidi, achana na kanuni yangu, chukua aliye bora. Hatujengi bohari la wachezaji wa akiba. Wa safu ya nne wawe na sababu nzito sana, kwa sababu kila mmoja anakugharimu mtu mwingine kwenye 40.

Na mapema maana yake wiki mbili kabla ya ligi, si siku ya mwisho. Mzee wako wiki mbili nyuma ungeweza kumbadilisha na timu iliyopungukiwa nafasi yake, ukapata japo kijana wa ngazi ya A mwenye daraja la C. Kidogo, lakini hukupata hata hicho. Siku nne tano za mwisho kila timu inatupa watu wake wasio na opsheni mezani kwa wakati mmoja, na bei inaporomoka kama nyanya Majengo jioni. Hapo hapo kuna upande mzuri kwako kama mnunuzi: pita kwenye orodha ya waiva kila siku ya wiki hiyo. Mrushaji wa kuingia (anayempokea mwanzaji) na mdakaji wa pili ndiyo bidhaa zinazopatikana kwa wingi.

Mgawanyo wa 26 usiukuze kuliko ulivyo. Warushaji 13, watano wa kuanza na wanane wa kuingia. Wengine 13, kati yao tisa wanaanza, ukimhesabu mpigaji asiyelinda, na wanne ni wa akiba. Kati ya hao wanne, mdakaji wa pili ni lazima. Awepo anayeweza kusimama shotistopu kwa dharura, kwa sababu anayeweza pale anaweza karibu popote pa ndani. Awepo anayeweza kukimbiza mpira katikati ya uwanja wa nyuma. Kiti cha nne kichukuliwe na mtu mwenye nguvu za kupiga, anayepiga kwa mkono ulio kinyume na wa wapigaji wako wengi. Kosa la wageni ni kuweka wapigaji watatu wazito benchi. Siku shotistopu akiteguka unamweka mtu wa besi ya kwanza pale, mipira inapita kama maji kwenye kichujio.

Warushaji wanahitaji maneno zaidi, kwani wao ndio huvunja kikosi. Kati ya wanane wa kuingia, wawili wa mwisho wawe wenye opsheni. Hivyo ni viti vya mlangoni kwenye daladala: abiria wanabadilika kila kituo. Ukicheza mechi iliyokwenda vipindi 13 na warushaji wote wakaishiwa nguvu, unamshusha mmoja na kumpandisha mwenye mkono mpya asubuhi yake. Ukijaza viti vyote vinane kwa watu wasio na opsheni, huna mlango. Jua pia kwamba katika ligi halisi mrushaji akishushwa hukaa siku 15 kabla ya kuitwa tena, na wengine siku 10, isipokuwa anaitwa kuziba pengo la majeruhi. Kwa hiyo andaa wawili watatu wa kupokezana. Na mmoja kati ya wanane awe na pumzi ya vipindi vitatu, wa kuingia pale mwanzaji anapopigwa mapema.

Kwenye mechi za maandalizi usimwache mwanzaji wako bora arushe vipindi saba ili kujifurahisha. Anza naye viwili, ongeza kimoja kimoja, afike vitano kwenye mechi yake ya mwisho. Ratiba ya wiki za mwanzo za ligi huwa na siku za kupumzika, kwa hiyo mwanzaji wa tano unaweza kumruka mara moja au mbili. Wengine hutumia nafasi hiyo kuanza ligi na waanzaji wanne na mrushaji wa kuingia wa ziada. Ni halali, ilimradi wa tano awe na opsheni.

Majeruhi kwa ufupi: mpigaji anakaa kwenye orodha kwa siku zisizopungua 10, mrushaji 15. Orodha hizo zinakupa kiti kwenye 26, hazikupi kwenye 40. Inayofungua 40 ni ya siku 60. Mchezaji aliyeumia vibaya Machi na anatarajiwa Julai, huyo mpeleke moja kwa moja kwenye ya siku 60, ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumpa mwalikwa nafasi bila kumtoa mtu.

Wenzako wa banda wana nusu ya ukweli. Matokeo ya maandalizi hayaingii kwenye msimamo, na mechi zote hizo huwezi kucheza kwa pedi ukabaki na maisha mengine. Lakini kuruka kunakutua siku ya kwanza ya ligi na maamuzi yote ya mwezi mzima kwenye skrini moja, ndiko huko kulikokupotezea mzee. Cheza nne au tano kwa mkono wako, hasa kujua macho yako yanauonaje mpira wa kila mrushaji unayemfikiria. Nyingine peleka kalenda wiki moja moja, simama, angalia majeruhi, angalia daftari, endelea.

Kuhusu kuiachia kompyuta: mipangilio inakuruhusu kugawana nayo kazi. Iachie AA na ngazi za A, kule kuna watu wengi na faida ya kuwapanga kwa mkono ni ndogo. Orodha ya 26, ya 40 na AAA shika mwenyewe. Ubaya wa kompyuta ni kwamba haijui mpango wako wa miaka; inaweza kumpandisha kijana siku ya kwanza pale ulipotaka asubiri, au kumtupa mezani mtu wa akiba uliyemtunza kwa sababu.

Hapo ulipo leo, una njia mbili. Kama sevu ya kabla ya kumshusha mzee bado ipo, rudi, mtafutie wa kubadilishana naye, hata kwa kijana mdogo. Hakuna aibu, ndiyo kwanza unajifunza. Kama haipo, songa mbele: una kiti wazi kwenye 40 na mshahara umepungua. Fungua ukurasa wa kijana, angalia zile namba mbili za kugusa mpira. Zikifika 55 na nafasi ya mzee ilikuwa ya kuanza, mrudishe AAA mpaka baada ya katikati ya Aprili kisha mpandishe aanze kila siku. Zisipofika, chukua mtu wa waiva wa kuziba pengo na mshushe kijana akae chini hadi Juni. Kusubiri habari mpya za vikosi kutoka intaneti hakutakusaidia, usimalizie bando huko. Klabu uliyokwisha kuianzisha inaendelea na vikosi ilivyoanza navyo.

Tumia nafasi mbili za sevu, moja ya kila siku na nyingine unayoigusa kabla ya maamuzi makubwa tu: siku ya kwanza ya ligi, mwisho wa kubadilishana wachezaji, tarehe 1 Septemba. Kisha ingia kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya data zilizohifadhiwa, unakili sevu kwenye flashi kila mwisho wa wiki. Umeme ukikatika katikati ya kusevu, faili inaweza kuoza. Hilo likitokea, zima mashine, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde saba mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5 ya kujenga upya hifadhidata. Hatua hiyo haifuti sevu zako. Usiguse namba 6 wala 7, hizo ndizo zinazofuta.

Ikiwa 26 yako imetimia, warushaji hawazidi 13, 40 haijazidi, majeruhi wamehamishwa, na gemu bado inagoma au inajifunga kila ukifika siku ile ile, hilo si la kikosi tena. Jaribu kwanza sevu ya kwenye flashi. Ikigoma nayo, au diski inakwaruza na feni inapiga kelele, ipeleke kwa fundi wa mashine za gemu aifungue mbele yako. Vumbi letu la Dodoma linaziba feni haraka, na mashine ikipata moto huzima katikati ya kazi. Nakili sevu kabla ya kuikabidhi. Na mtu akikushawishi ununue diski ya toleo la 25 kwa hiyo PS4 eti tatizo litakwisha, mwambie toleo hilo halikutolewa kwa PS4. La 24 ndilo la mwisho kwako mpaka utakapobadili mashine.